Prinsipo mbili na hisabati ya kidato cha nne: namna ya kuihesabu njia ya chuo kikuu ukiwa bado skuli

Wanafunzi wengi wa Unguja na Pemba huyajua masharti ya chuo kikuu mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wakati hakuna tena la kubadilisha. Masharti yenyewe hayajafichwa. Yamo kwenye kitabu ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hukitoa kila mwaka, na yeyote mwenye simu anaweza kukipakua bure. Tabu ni kwamba hufunguliwa kwa kuchelewa. Mahali pake ni kidato cha pili na cha tatu, kabla mchepuo, yaani sayansi, sanaa au biashara, haujachaguliwa. Kwa hivyo tutakwenda kinyumenyume: tuanze na chuo, turudi kidato cha sita, kisha cha nne, kisha siku ya kuchagua masomo.

Hatua ya 1: Jifunze kuhesabu kama chuo kinavyohesabu

Nyumbani swali la kwanza ni "kapata divisheni gani?" Chuo hakianzi hapo. Chuo kinatazama masomo mawili, na kinayapa pointi kwa kipimo chake.

Alama za kidato cha sita za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ni hizi: A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, na chini ya 35 ni F. Kuanzia A mpaka E huitwa prinsipo. S ni sabsidiari, si prinsipo, na tofauti ya maksi 39 na 40 imewazuia wengi.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. NECTA inapopanga divisheni, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, na kadiri zilivyo chache ndivyo zilivyo nzuri. Masomo matatu ya tahasusi, yaani kundi la masomo unalolisoma kidato cha tano na cha sita, yakijumlishwa, 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. TCU inageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, F sifuri. Huko zikiwa nyingi ndiyo heri. Mtu anayesema "nina pointi 9" bila kutaja kipimo hajasema kitu.

Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza, kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na zitoke katika masomo ambayo kozi unayoiomba inayataja. D na D inatosha. C na E inatosha. D na E ni 3, haitoshi. A na S haitoshi vilevile, ingawa ukijumlisha unapata 5.5, kwa sababu prinsipo ni moja tu. (Waliomaliza 2014 na 2015 walipewa alama kwa mpangilio mwingine wenye B+, na sharti lao huandikwa peke yake, wasitumie hesabu hii.)

Tazama wanafunzi wawili. Wa kwanza kasoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati ya juu, akapata E, E, E. Kwa NECTA ni 5 mara tatu, 15, divisheni ya tatu. Wa pili kasoma PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, akapata F ya fizikia, D ya kemia, D ya bayolojia. Ni 7 na 4 na 4, pia 15, pia divisheni ya tatu. Cheti cha kwanza hakina F hata moja, na mtaani ndicho kitakachosifiwa. Lakini chuo kikuu kitampokea wa pili: ana pointi 4 za kemia na bayolojia, anaweza kuomba ualimu wa masomo hayo na baadhi ya kozi za sayansi. Wa kwanza ana pointi 2 tu katika masomo yake mawili bora. Hana sifa ya shahada popote nchini.

Funzo la kazi kwa aliyeko kidato cha sita ni hili: ikifika Februari na huna uwezo wa kuyabeba masomo matatu sawasawa, usigawe saa zako mafungu matatu yaliyo sawa. Hakikisha mawili yamevuka 50 kwanza, kisha rudi kwa la tatu. Isipokuwa kama unaitaka afya, kama utakavyoona.

Hatua ya 2: Kisome kitabu cha TCU, safu kwa safu

Vitabu ni viwili. Kimoja ni cha wenye sifa za sekondari, kingine ni cha wenye stashahada au sifa linganishi. Chukua kinachokuhusu, na chukua cha mwaka wa sasa, kwa sababu masharti ya kozi hubadilika na kozi nyengine huondolewa. Anayeingia kidato cha tatu leo hatatumia kitabu cha leo siku ya kuomba, lakini kitamwonyesha mwelekeo, na kila mwaka akitazame tena.

Humo vyuo vimepangwa, na chini ya kila chuo kuna jedwali. Kwa Zanzibar utavikuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, chenye makao yake Tunguu na kampasi kadhaa, ikiwemo ya Pemba. Chuo Kikuu cha Zanzibar, nacho kipo Tunguu. Na Chuo Kikuu cha Sumait kilichopo Chukwani. Kila mstari una jina la kozi, namba yake, masharti, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo.

Safu ya masharti ndiyo ya kusoma polepole, neno kwa neno. Ikiandikwa "prinsipo mbili katika masomo yoyote kati ya haya", basi masomo yako mawili lazima yawe ndani ya orodha hiyo. Ikiandikwa "prinsipo ya kemia na moja kati ya hizi", kemia ni lazima, na A tatu za kwengine hazitaifidia. Kisha tafuta sentensi inayoanza na "kwa kuongezea". Watu huiruka, na humo ndimo mnamokuwa na sharti la hisabati au Kiingereza ya kidato cha nne.

Udaktari, uuguzi na famasia vina hesabu yao. Vinataka prinsipo tatu, si mbili, zenye jumla ya pointi 6 na zaidi, na kila somo limewekewa alama yake ya chini. Udaktari ni fizikia, kemia na bayolojia, yote matatu. Yule wa F ya fizikia hapo juu haingii udaktari hata kama angepata A mbili zilizobaki. Mzazi anayesema "mwanangu atasoma udaktari" na mtoto amechukua CBG, yaani kemia, bayolojia na jiografia, ajue kwamba njia hiyo ameshaifunga siku alipojaza fomu.

Kisha idadi ya nafasi. Sharti la chini ni ruhusa ya kuomba, si ahadi ya kuingia. Kozi ikiwa na nafasi 50 na waombaji mamia, chuo huanza na wenye pointi nyingi. Mwenye 4 kamili asiombe kozi zinazogombaniwa peke yake. Achanganye na moja au mbili ambazo waombaji wake ni wachache.

Hatua ya 3: Alama za kidato cha nne zinazokufuata mpaka chuo

Kidato cha nne alama ni hizi: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya 30 ni F. Divisheni hupangwa kwa masomo saba bora: pointi 7 hadi 17 ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Kwenda kidato cha tano unahitaji krediti tatu, yaani C au zaidi, na uhalisia ni kwamba ziwe katika masomo ya tahasusi unayoitaka. Mwenye C za Kiswahili, uraia na historia hapati PCB hata akiililia.

Lakini wengi hudhani kwamba mtu akishavuka kidato cha tano, cheti cha kidato cha nne kimekwisha kazi. Hakijakwisha. Somo linalorudi kudai ni hisabati. Kozi nyingi za kompyuta, uhasibu, uchumi, benki na baadhi ya za sayansi huweka sharti hili: kama hukusoma hisabati ya juu kidato cha sita, uwe na walau sabsidiari ya hisabati tumizi ile ya BAM, au D ama C ya hisabati ya kidato cha nne. Mtu ana B ya uchumi na C ya biashara, ana pointi 7, na mfumo unamkataa kwa sababu ya F ya hisabati aliyoipata miaka miwili nyuma.

Kwa hivyo hata mwanafunzi wa sanaa asiitupe hisabati. D inaanzia 30, na 30 inapatikana kwa kupanga. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, karatasi ya hisabati ya kidato cha nne ina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali 4 ya alama 10. Maswali matano ya sehemu A yaliyofanywa sawasawa ni 30. Anayeogopa hisabati achague mada sita au saba ambazo hatua zake hazibadiliki sana: seti, takwimu, hesabu za biashara, matriksi, uwiano, uwezekano, logi. Afanye karatasi za miaka 8 iliyopita za mada hizo tu, akiandika kila hatua, kwa sababu hatua zina alama zake hata jibu la mwisho likikosewa. Anayeandika jibu peke yake na likawa si sahihi anaondoka na sifuri mahali ambapo mwenzake anaondoka na 3 au 4. Nusu saa kila siku tangu kidato cha tatu ina faida kuliko tuisheni ya miezi miwili ya mwisho.

Kiingereza nayo isidharauliwe. Masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayejua jambo lakini hakulielewa swali hupoteza alama zilizokuwa zake. Kinachoangusha zaidi ni vitenzi vya amri: kutaja, kueleza, kulinganisha na kujadili ni kazi nne tofauti. Aliyeambiwa alinganishe akaeleza upande mmoja tu, hupewa nusu.

Jambo jengine linalohusu visiwa vyetu hasa. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu huhesabiwa katika cheti cha NECTA, na wengi hulifanya vizuri. Hatusemi liachwe. Lakini vyuo vya stashahada huandika kwamba ufaulu wa masomo manne unaohitajika uwe wa masomo yasiyo ya dini. Mwenye D nne, moja ikiwa ya dini, kwa hesabu yao ana tatu. Kiarabu ni lugha, hakimo katika kizuizi hicho.

Hatua ya 4: Siku ya kuchagua mchepuo na tahasusi

Baada ya mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, mwanafunzi huingia kidato cha tatu na masomo hujigawa. Anayeacha fizikia hapa ameacha uhandisi na udaktari. Anayeacha kemia ameacha karibu afya yote. Ni uamuzi mzito unaofanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa kufuata marafiki au kumkimbia mwalimu mmoja. Mzazi na maalim wa darasa wakae naye, wawe na karatasi, waandike kozi tatu anazozitamani, na mbele ya kila moja masomo inayoyadai. Somo linalojitokeza katika kozi mbili au tatu haliachwi.

Kwa kidato cha tano, tahasusi zilizozoeleka ni kama PCM (fizikia, kemia na hisabati ya juu), PCB, CBG, EGM, HGE (historia, jiografia na uchumi), HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), na tangu 2024 orodha imetanuliwa mpaka 65. Upya wa tahasusi si sifa. Kabla ya kuchagua mpya, fungua kitabu cha TCU utazame ni kozi ngapi zinazoyataja masomo yake mawili kati ya matatu.

Uliza pia kuhusu skuli yenyewe. Masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo. Skuli ambayo maabara yake hufunguliwa wiki mbili kabla ya mtihani itakutoa na nadharia nzuri na vitendo dhaifu. Uliza: mwalimu wa hisabati ya juu yupo, au anangojewa? Maabara inatumika mara ngapi kwa mwezi? Mwaka jana waliosoma tahasusi hii walipata alama gani somo kwa somo? Matokeo ya kila skuli NECTA huyaweka kwenye tovuti yake, na namba ya kituo inatosha kuyapata.

Mwenye C tatu nyembamba za fizikia, kemia na hisabati, za 45 au 46, ajiulize kwa ukweli. Masomo ya sayansi ya kidato cha tano hupanda ghafla. Si vibaya kwenda PCM na C, lakini ajue anahitaji kuanza kusoma kabla ya Julai, si baada ya likizo ya kwanza.

Hatua ya 5: Matokeo yakiwa pungufu

Njia ni tatu, na zina bei tofauti ya muda.

Kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huna haja ya kurudia yote. Rudia lile linalokukosesha. Mwenye D na E anahitaji kuipandisha E moja iwe D, basi. Mwenye F ya hisabati ya kidato cha nne anaweza kurudia hisabati peke yake Novemba. Kinachowaponza watu ni kuamua wakati usajili umeshafungwa, kwani hufungwa miezi kabla ya mtihani. Anayetaka kutahini kidato cha sita kwa kujitegemea lazima awe na krediti zake tatu za kidato cha nne.

Stashahada. Hii tunaitetea, kwa sababu hapa kwetu huonekana kama ni ya walioshindwa, na sivyo. Kutoka kidato cha nne ni miaka mitatu, na anayemaliza ana fani mkononi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni inafundisha ufundi na uhandisi, SUZA inazo za afya na nyenginezo, Chuo cha Utawala wa Umma kinazo za utawala. Ili stashahada ikupeleke shahada unahitaji GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, ya 3.0 na D nne za kidato cha nne, na fani ziwe zinahusiana. Wastani huo hutengenezwa tangu muhula wa kwanza. Mtu wa 2.7 hawezi kuurekebisha kwa muhula mmoja wa mwisho. Mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja ya kidato cha sita huweza kuanzia ngazi ya 5 ya stashahada, bila ya kupita mwaka wa kwanza, na kumaliza kwa miaka miwili.

Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Inampokea mwenye pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, na akiimaliza kwa GPA 3.0, na walau C katika masomo matatu ya kundi lake, anaruhusiwa kuomba shahada. Yule wa E, E, E ana pointi 2, kwa hivyo mlango huu uko wazi kwake.

Hatua ya 6: Kuomba bila ya kujikwaa

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo unachokitaka, si TCU. Utahitaji namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, zikiwa na mwaka. Aliyerudia mtihani aandike zote, ya skuli na ya kujitegemea, la sivyo mfumo utaiona F ya zamani na hautaiona D mpya. Mwenye stashahada aombe kwanza namba ya uhakiki wa tunzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada. Mwenye vyeti vya nje, vya Cambridge kwa mfano, apate ulinganisho wa NECTA mapema, kwa kuwa huchukua muda.

Majina yaangaliwe mwaka mzima kabla. Mohamed, Mohammed na Mohd. Khamis na Hamis. Jina la babu lililomo kwenye cheti cha kuzaliwa na halimo kwenye cha skuli. Huku kwetu ni jambo la kila nyumba, na hukwama zaidi kwenye maombi ya mkopo, ambako cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Likitofautiana, hati ya kiapo husaidia, lakini dawa bora ni kulisahihisha wakati wa usajili wa mtihani wa kidato cha nne, wakati fomu iko skuli na bado inafutika.

Wengi, wa Pemba hasa, hujaziwa maombi kwenye kibanda cha intaneti. Kaa ubavuni mwa anayejaza. Namba ya simu na barua pepe ziwe zako au za mzazi, kamwe si za mwenye kibanda, na nenosiri uliandike kwenye daftari lako. Sababu ni hii: ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa simu, ndani ya siku zilizopangwa. Namba ikienda kwenye simu ya mtu mwengine na tarehe ikapita, nafasi hupotea hata ukiwa na A tatu. Namba isipofika, usingoje: ingia kwenye mfumo wa chuo ulichochaguliwa uombe itumwe tena, au piga simu ofisi ya udahili ya chuo hicho siku ileile.